Mume yuko Doha, anataka tukutane Aleksandria, ila mama mkwe asijue

Shikamoo Anti.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tanga, nauza vitenge pale Ngamiani, mume wangu yuko Doha mwaka wa nne sasa anaendesha gari la kampuni. Naomba jina langu usiliweke, huku kwetu tunajuana mpaka kuku wetu wanajuana.

Iko hivi Anti. Kampuni yake inampa likizo kila baada ya miaka miwili, siku 21, na tiketi wanamlipia. Likizo ya kwanza alikuja nyumbani, mi nilikaa nahesabu siku kama mtoto anayengoja Idi. Alipofika basi, toka siku ya kwanza nyumba ikajaa watu. Huyu kaja na karatasi ya hospitali, yule mwanawe kafaulu hana ada, mjomba anataka pikipiki, mpaka watu nisiowajua wanajieleza kwa ukoo, "mi mtoto wa mdogo wake babu yako mzaa mama". Akitoka harusini anaingia msibani. Siku zote 21 mi na yeye tulikaa wawili peke yetu jioni moja tu, Raskazone, na hiyo jioni simu yake iliita mara kumi na moja, nilihesabu. Akaondoka mfuko mtupu, na kile nilichotaka kumwambia tangu anafika nikaja kukikumbuka ndege imesharuka.

Sasa likizo ya pili ni Januari inayokuja, inaanza tarehe 9. Mwezi uliopita kanipigia usiku, akasema mke wangu safari hii siji nyumbani, nimeweka pembeni milioni sita na laki mbili, shughulikia pasipoti tukutane Misri, Aleksandria, siku kumi na mbili mi na wewe tu, sisi fungate hata Pangani hatukwenda. Nililia Anti, sikufichi. Nyumbani anasema atakuja likizo ile nyingine.

Aleksandria ni kwa sababu anafanya kazi na Wamisri wawili wa huko, kutwa wanamsifia mji wao. Na mi nina shoga yangu alikwenda na mumewe mwezi wa nane, nimeona picha, bahari ya buluu, miavuli, watu wanaogelea mpaka giza linaingia. Nimeshanunua nguo ya kuogelea ile ya kufunika mwili mzima pamoja na mitandio miepesi miwili, na nimeandika listi ya sehemu za kwenda kupiga picha, mpaka leo ziko 34.

Tatizo ni mama mkwe. Tunaishi naye, na sitaki kumsingizia, ni mtu mzuri, hawa watoto kawalea yeye mi niko dukani. Lakini nyumba yake ya Pongwe imefika kwenye lenta na mume wangu alimwahidi Januari atapaua. Akisikia hela ya bati imekwenda baharini, wakati bahari tunayo hapa chini dakika kumi kwa bajaji, sijui itakuwaje. Mume wangu kasema tusimwambie. Yeye atasema kampuni imesogeza likizo, na mi niage naenda Kampala kufata mzigo wa vitenge, watoto wabaki kwa bibi yao, mmoja ana miaka sita mwingine mitatu. Pasipoti nimeipata kimyakimya, nimeificha dukani kwenye jora, maana nyumbani sanduku la vyeti lote analo mama mkwe na ufunguo wake anafunga kwenye upindo wa khanga.

Naomba unisaidie Anti. Kudanganya kwa nia nzuri hivi kuna ubaya? Aleksandria Januari panafaa? Siku 12 zinatosha kwa sehemu zote 34? Na Kiarabu changu ni cha chuoni, cha Kurani, kusoma nasoma, kuongea hapana. Halafu wifi yangu ameshaanza kunusa, jana kaniuliza, "Hivi Kampala siku 12 unafata mzigo au unakwenda kuufuma?"

Mama Wawili, Tanga

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma na kikombe cha chai mkononi, nilipofika kwa huyo wifi yako nikakiweka chini nikacheka peke yangu. Wifi huyo usimdharau, kaliona tundu kwenye huo uongo kabla yako. Lakini huko tutafika, nianze na nguo ya kuogelea maana ndo jambo jepesi.

Hutaivaa. Januari Aleksandria ni kipupwe hasa, si hiki chetu cha kutoa shuka sandukuni. Mchana jua likiwa limetoka unapata nyuzi 18, usiku zinashuka mpaka 9 au 10, na mvua ya mwaka mzima ya mji ule karibu yote inanyesha miezi hiyo. Shoga yako hakukudanganya, ila yeye alikwenda Agosti. Mi nimekwenda mara mbili. Ya kwanza ilikuwa Agosti na marehemu mume wangu, Cairo nzima imehamia pale kukimbia joto, mchanga huuoni, unaona miavuli na migongo ya watu, na kina mama wanaogelea na magauni yao kama sisi tu, wala huhitaji nguo maalumu. Ya pili Januari, nilikwenda kumwangalia mwanangu alokuwa anasoma huko, nikaenda na baibui langu jepesi la Kariakoo na kandambili, mwenyewe najiona nakwenda pwani. Usiku wa kwanza nililala na soksi za mwanangu, koti la mwanangu na zulia dogo la chini nikalipandisha kitandani. Nyumba za kule nyingi hazina kitu cha kupasha joto, kuta zimejengwa kwa ajili ya kiangazi, ukiwa ndani unasikia baridi kuliko nje.

Halafu kuna tufani. Wenyewe wanaita nawwa, na kila moja ina jina lake na tarehe yake, wavuvi wanazijua kama wa kwetu wanavyojua kaskazi na kusi. Kuna Maknasa ya Novemba, maana yake ufagio, inafagia. Kuna Ras Sana mwaka unapoanza. Kuna ya Ghitas karibu na tarehe 19 Januari, sikukuu ya Wakristo wa Kikopti. Na kuna Faidha Kubwa, hiyo usiichanganye na faida ya dukani kwako, ni faidha ya mafuriko, yenyewe huja kama tarehe 12 Januari hivi. Haiji kwa saa ya ukutani, mwaka mwingine inawahi mwaka mwingine inachelewa, lakini wewe mwenzangu unatua tarehe 9 kwa hiyo ni kama unakwenda kuilaki. Siku hiyo mawimbi yanapanda ukuta wa Corniche, hiyo ni ile barabara ndefu ya ufukweni, yanamwagika mpaka kwenye magari. Mi lilinipata moja nimesimama napigwa picha. Nikaloa mpaka chupi, mwanangu anacheka badala ya kunisaidia, na hiyo picha ipo mpaka leo.

Sasa usife moyo, maana nisingekuwa naandika yote haya kama jibu lilikuwa usiende. Nenda. Mi kati ya safari zangu mbili ile ninayoikumbuka kwa raha ni hii ya baridi. Hoteli zinashusha bei, vyumba vinavyotazama bahari ambavyo Agosti hupati hata kwa kuhonga vinakaa vitupu, ukutani pa Corniche unakaa utakavyo. Jioni wanapita wenye mikokoteni wanauza viazi vitamu vya kuchoma na mahindi, na kuna kitu kinaitwa hummus sham, ni dengu zile kubwa zimechemshwa na supu yake ya limao na pilipili, unapewa kwenye glasi na kijiko, unakula dengu unakunywa mchuzi, moshi unakupiga usoni. Mikono yenu miwili kwenye glasi mbili, mbele bahari inanguruma. Kama mumeo alitaka mkae wawili tu, hapo ndo penyewe, simu yenyewe haisikiki kwa upepo.

Na kuna jambo wewe kama mtu wa Tanga litakushangaza kuliko jengo lolote. Bahari ile haikupwi. Siku ya kwanza nilikaa pale Anfushi, upande wa mji wa zamani kwenye mashua za wavuvi, nangoja maji yatoke nione kina mama watashuka kuokota nini, nikangoja, nikangoja, adhuhuri ikapita alasiri ikaingia, maji yako palepale kwenye jiwe lilelile. Nikamuuliza mwanangu leo kuna nini, akasema mama hii haina bamvua hii. Mediterania ni kama imefungwa, mlango wake kwenye bahari kuu ni ule mwembamba wa Gibraltar, kwa hiyo maji yanapanda na kushuka kidogo sana, goti hayafiki. Sisi tumezoea bahari inayoondoka mita tatu na ushee na kurudi, ukitazama ile siku nzima unaanza kuona kama imenuna.

Samaki sasa. Hoteli za samaki za kule hukai ukaletewa menyu, unakwenda mwenyewe kwenye barafu unachagua, wanapima kwa kilo, unasema upikiweje. Kuna buri, ndo mkizi huyo, kuna denis anafanana na changu, kuna kamba na ngisi. Ukisema singari wanampasua mgongoni wanamfungua kama kitabu, wanamjaza nyanya, vitunguu na pilipili hoho anaingia tanuri. Unaletewa na wali wa sayadiya, rangi ya kahawia kwa vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikaiva sana, na tahini na mikate. Angalia mzani kabla hajaondoka na samaki, na uliza bei ya kilo kabla ya kunyoosha kidole. Hilo si la Misri peke yake, hata soko la samaki la Deep Sea hapo Tanga unapigwa ukijifanya mgeni.

Hiyo listi ya 34, mwanangu, hiyo ni kazi si likizo. Utarudi na picha 34 na mume uliyemwona kwenye kioo cha simu, si ndo huko huko Doha alikokuwa? Ichane. Chukua ngome ya Qaitbay kwanza, imejengwa 1477 palepale ulipokuwa umesimama mnara wa Pharos, ule wa kuongozea meli uliohesabiwa kwenye maajabu saba ya dunia, mitetemeko ya ardhi ndo iliumaliza, ule wa 1303 ulikuwa mkubwa. Nenda asubuhi, panda juu, upepo utakutoa mtandio kwa hiyo funga na pini. Maktaba mpya ilofunguliwa 2002 ni jengo la duara limelala upande kama sahani inayozama, nje ukuta wa mawe ya Aswan umechorwa herufi za lugha za dunia, siku ya mvua ndo siku yake, mtakaa ndani hata nusu siku. Na yale makaburi ya chini ya ardhi ya Kom el Shoqafa, wanasema yaligunduliwa 1900 baada ya punda kutumbukia, ngazi inazunguka kisima unashuka unashuka, mi magoti yalinikataa nikamngojea mwanangu juu na mwenye punda, punda mwingine lakini.

Ila kama mngekwenda sehemu moja tu mi ningewapeleka kwenye uwanja wa misikiti. Pale yupo Sheikh Abul Abbas al-Mursi, asili yake Murcia huko Andalusi, mwanafunzi wa Imamu Shadhili, ile twarika ya Shadhiliya ambayo iko Unguja, Kilwa na Ngazija. Hatua chache kutoka hapo kalala al-Busiri, aliyetunga Burdai. Burdai hii hii mwanangu, wanayoisoma kwenu kwenye maulidi wewe ukiwa mdogo unasinzia kwenye mapaja ya bibi yako ukingoja haluwa. Mi nilikuwa naisikia toka sijaota meno, sijawahi kufikiri kwamba mwenye maneno alikuwa na kaburi na kaburi lina mtaa, na mtaa una watoto wanacheza mpira. Nilikaa upande wa wanawake nikaanza kuisoma kimoyomoyo, bibi mmoja wa Kimisri pembeni yangu akaidaka akaendelea kwa sauti, beti tatu nne hivi, lahaja zetu mbali ila maneno yaleyale. Hatukuweza kuongea kingine zaidi ya hapo. Akanipa pipi.

Ndo maana Kiarabu cha chuoni usikidharau. Kwanza tarakimu, wenye maduka na mabango ya bei wanaandika zile zile ulizosomea juzuu, wageni wengine wanaona tano wanadhani sifuri, sifuri wanadhani ni nukta, wewe unasoma kama maji. Pili maneno nusu unayo, samaki ni samak, sukari ni sukkar, chai ni shai. Ujue tu kwamba jimu kwao ni ga, jibini inakuwa gibna, na pauni yao wanaiita gineh. Basi ndogo zao wanaita mashrua, daladala kabisa, mpaka kondakta kuning'inia, na teksi za mjini ni nyeusi na njano, mkubaliane bei kabla ya kuingia. Kuvuka Corniche kwa miguu usijaribu peke yako, subiri mama yeyote wa Kimisri mwenye vikapu, simama upande wake wa pili, akivuka vuka.

Na kuna hili nakwambia usishtuke ukifika. Kwa rangi yetu watakudhania Msudani. Mara nyingi ni salamu tu na utani, watakuita "ya samra", yaani ewe mweusi, utabasamu upite, lakini askari naye anaweza kukusimamisha akataka karatasi, mimi walinisimamisha mara mbili na mzungu tuliyeongozana naye hata hawakumtazama. Iliniuma. Pasipoti acha hotelini, tembea na kopi yake na picha ya muhuri wa kuingilia kwenye simu.

Haya, sasa tuongee lile lililokuleta.

Kwa nini mnataka kujificha nimeelewa, na sikulaumu. Jioni moja katika siku 21, na simu kumi na moja ndani yake, hiyo si ndoa hiyo ni ofisi ya mtendaji wa kata. Mnastahili siku zenu. Lakini huo uongo wa Kampala haufiki hata Chalinze. Umemwachia nani watoto? Huyo huyo unayemdanganya. Huyo wa miaka sita ataongea na baba yake kwa video, ataona dirisha lenye bahari, ataona na mama yake kapita nyuma na kilemba, atakwenda kusema kwa bibi, na atasema kwa kelele. Huyo wa mitatu homa ikimpanda usiku, bibi anapiga simu Kampala, wewe uko Misri unasema nakuja kesho. Na hata Mungu akajalia hakuna aliyeugua, utarudi vipi kutoka Kampala bila jora hata moja? Utapitia Kariakoo ununue mzigo wa kusingizia? Wifi yako anangojea hapo hapo mlangoni, nakwambia.

Kilichonikwaza zaidi ni watoto. Barua yako yote nimeipitia mara mbili nikitafuta mahali ambapo baba atawaona na sijapaona. Miaka miwili ishapita. Huyu wa mitatu mara ya mwisho kumwona baba yake alikuwa na mwaka mmoja, hamkumbuki, anamjua kwa kioo. Mkisema mpaka likizo nyingine atakuwa na mitano, atamwita anko wa kwenye simu. Mume wako si mtu mbaya, kachoka na ndugu, lakini katika kuwakimbia hao wa pikipiki kawakimbia na wanawe.

Kwa hiyo mi ningegawa hivi. Likizo ni siku 21. Aleksandria siku sita, si kumi na mbili, sita zinatosha kwa mji ule na baridi ile, ya saba mtaanza kugombania blanketi. Mkutane Cairo uwanjani, wewe ndege yako ya Dar inashuka pale, na mwenzio ajipange atue kabla yako ili usikae peke yako, mchukue treni stesheni ya Ramses moja kwa moja, ni kama saa mbili na nusu tatu hivi, mkishuka Sidi Gaber au mwisho wa reli Mahattat Misr inategemea hoteli iko upande gani. Mkimaliza mpande ndege pamoja Cairo mpaka Dar, mje nyumbani mkiwa mmeshashiba kuonana, zile wiki mbili zilizobaki awe wa watoto na wa mama yake. Tiketi ya kampuni ni ya Doha na Dar, aulize kama watakubali kumpa hela yake mkononi au apitie Cairo na aongezee tofauti, makampuni mengine hukubali mengine hayataki, hilo alijue kabla hamjalipia hoteli.

Zile siku sita mlizopunguza zina hela. Hiyo hela ni bati. Labda haitapaua nyumba nzima, lakini mbao na bati za upande mmoja zikifika Pongwe kwa gari mama mkwe akaziona kwa macho kabla nyinyi hamjapanda ndege, hapo mazungumzo yanakuwa mengine kabisa.

Na anayemwambia mama ni mwanawe, si wewe. Hili ulishike. Ukisema wewe utakuwa mkwe aliyemteka mwana wa watu akala bati. Apige yeye, aseme mama nimefanya kazi miaka minne, nina mke sijakaa naye, nitakwenda naye mahali siku sita kisha tunakuja kwako wote wawili, na bati hizi zinatangulia. Atanuna, bila shaka. Mpe siku tatu nne za kununa, ni haki yake, kaahidiwa kitu. Lakini kwa unavyomweleza mama mwenye kulea wajukuu kutwa na kufunga ufunguo kwenye khanga, mi naona ni mtu anayejua hesabu. Halafu mwambieni huyo huyo ndo awe mweka hazina wa likizo. Mume wako atenge fungu la ndugu, ampe mama yake, na yeyote mwenye karatasi ya hospitali au pikipiki aanzie kwake. Utaona foleni itakavyokuwa fupi. Mtoto wa mdogo wake babu mzaa mama hatasubutu.

Karatasi zako anza nazo sasa hivi usingoje Desemba. Viza ombeni mapema, ubalozi wa Misri uko Dar, waulize wao wenyewe wanataka nini na inachukua muda gani, usimsikilize mtu wa mtaani. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiisahau, ukitokea huku kwetu wanaiuliza. Kadi ya benki inayofanya kazi nje mwe nayo hata moja, sehemu za makumbusho siku hizi nyingi hazipokei noti. Mitandio miepesi mwachie wifi, nunua mtumba wa koti zito na viatu vilivyofungwa visivyopitisha maji. Nguo ya kuogelea iweke, mtakwenda nayo Raskazone mkirudi, baba mtu awafundishe wanawe kuogelea.

Karatasi moja nimeiacha makusudi. Hoteli za Misri zina desturi ya kuuliza cheti cha ndoa kwa mwanamke na mwanamume wanaolala chumba kimoja, hasa wakiona majina ya Kiislamu, na pasipoti zetu mke ana jina la baba yake mume ana la baba yake, karatasi hazioneshi kama mmeoana. Utakitaka hicho cheti, chenyewe halisi na kopi yake. Na kwa jinsi ulivyonielezea, kiko kwenye lile sanduku.

Anti